Jina Tulilompa Mtoto wa Watu



Wasomaji wapenzi, kina mama na kina baba mnaolipokea jarida hili kila wiki, leo tunawaandikia juu ya malezi ya darasani. Tungependa kuanza na mafanikio, kama ilivyo desturi ya walimu wakipewa kalamu. Lakini tumeona uaminifu unatulazimisha kuanza na kosa letu, kwa kuwa yote tuliyojifunza yalitokana nalo.

Sisi ni walimu watatu wa kike wa hapa Voi. Mmoja wetu hufundisha chekechea, mwengine Gredi ya 3, na wa tatu hufundisha skuli asubuhi na madrasa baada ya alasiri. Tunaandika kwa kauli moja, na sababu tunayo. Katika kisa tutakachokieleza, mkono uliotenda ulikuwa wa mmoja wetu. Lakini wa pili alikuwa amesimama mlangoni akitazama, na wa tatu alipohadithiwa jioni alisema, "Vyema, watoto wa siku hizi wasipobanwa hawaendi." Kwa hivyo hatutasema ni nani kati yetu alifanya nini. Dhambi ya kutenda na dhambi ya kunyamaza zilikaa jamvi moja.

Kisanduku cha rangi

Ilikuwa muhula wa pili. Msichana mmoja wa Gredi ya 3 alikuwa ameletewa na mjomba wake, aliye kazini Ghuba, kisanduku cha penseli za rangi. Kwa siku mbili darasa zima lilikuwa likikizunguka kisanduku kile kama nzi na asali. Siku ya tatu, baada ya mapumziko, msichana akaangua kilio kwamba hakioni.

Darasani mlikuwa na mvulana mgeni. Alikuwa amehamia wiki chache tu zilizopita, baba yake alipopata kibarua cha kukata mkonge katika shamba moja la kaunti hii. Alikuwa mpole, mwenye viatu vilivyomzidi ukubwa. Tukiulizwa leo ushahidi wetu ulikuwa upi, jibu ni kwamba hatukuwa nao. Tulimshuku kwa sababu alikuwa maskini na kwa sababu hatukumjua mama yake. Tukamwita mbele, tukalimimina begi lake juu ya meza, mbele ya watoto 47 wenziwe. Mlikuwa na daftari moja, Hisabati ikiwa imeandikwa kutoka mbele na Kiswahili kutoka nyuma, na kipande cha penseli kilichochongwa hata hakikamatiki. Basi.

Hatukumwita mwizi. Tulisema tu, "Haya, rudi ukae." Lakini watoto husikia hata lile ambalo mwalimu hakulitamka. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, mvulana yule alikuwa ameshapata jina, na jina lenyewe lilikuwa "mwizi".

Jioni ile mama wa msichana alitupigia simu, akicheka kwa haya. Kisanduku kilikuwa juu ya cherehani yake. Binti yake alikisahau asubuhi.

Kuna jambo jengine ambalo hatujalisahau. Ubaoni, siku hiyo hiyo, palikuwa pameandikwa kwa chaki neno UADILIFU. Ni mojawapo ya maadili manane yanayotajwa katika mtaala wa umilisi, ule ulioanza kufundishwa nchini kote Januari 2019: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki katika jamii, na uadilifu. Asubuhi watoto walikuwa wameyaimba yote manane kwa moyo, na sisi tukawapigia makofi. Mchana tukalimimina begi la mtoto.

Nyumbani kwa mvulana

Kesho yake hakuja. Siku ya tatu pia hakuja. Siku ya nne tulijitanda buibui zetu, tukaenda kwao.

Mama yake alitupokea kwa heshima kubwa kuliko tuliyostahili. Aliazima viti viwili kwa jirani, wa tatu wetu akaketi kitandani, akatuletea maji. Tulianza kwa kujitetea. Tukasema kwamba tulitaka kujua ukweli tu, na kwamba mtoto yeyote angepekuliwa. Alitusikiliza mpaka tukaishiwa na maneno. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Walimu wangu, mngempiga ningempaka mafuta, alama ingeondoka. Hili jina nitalipaka nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi njia nzima kimya, na malori ya barabara ya Mombasa yakitupita.

Ni lazima tuseme kwamba sisi tulikuwa tukijihesabu kuwa walimu wema. Viboko vilipigwa marufuku katika skuli za Kenya tangu mwaka 2001, nasi tulijivunia kwamba hatujawahi kukamata fimbo. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikuishia kwenye fimbo. Kifungu chake cha 36 kinamkinga mwanafunzi na adhabu ya kumtweza, iwe ya mwili au ya nafsi. Tulikuwa tumeisoma nusu ya kwanza, tukaridhika. Kumbe mtu anaweza kumjeruhi mtoto bila kumgusa, na jeraha hilo ndilo lisiloonekana na mkaguzi.

Kuomba radhi

Tuliamua kwamba tutamwomba mtoto radhi, na kwa kuwa tulimtweza mbele ya watu, tutamwomba mbele ya watu wale wale. Mzee mmoja tunayemheshimu alitukataza. "Mwalimu akimwomba mtoto radhi," alisema, "kesho darasa litampanda kichwani." Tulilipima neno lake, kwani halikutoka kwa mjinga. Lakini sote tumelelewa katika mafundisho kwamba haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake. Ni mpaka umwendee mwenyewe, umrudishie haki yake au akusamehe. Wala hatukuwahi kufundishwa kwamba mja huyo ni lazima awe mtu mzima.

Mvulana aliporudi, tulisimama mbele ya darasa. Tukasema kwamba tulimshuku mwenzao bila ya ushahidi, tukampekua mbele yao, na kwamba huko kulikuwa ni kumdhulumu. Tukasema kwamba waliotuona tukikosa, na watuone tukiomba radhi. Kisha tukamgeukia, tukamwomba.

Hakusema kitu. Alitazama viatu vyake. Nasi hatukumtaka aseme "nimewasamehe", kwa sababu tunawajua watoto: mtoto mbele ya mwalimu atasema lolote ili aruhusiwe kuketi. Kusamehe kulikuwa kwake, na muda wa kusamehe pia ulikuwa wake.

Darasa halikutupanda kichwani. Lakini hatukujidanganya kwamba neno moja la dakika tatu limemaliza kazi. Tulikuwa tumegundua kwamba watoto wetu wanayajua majina ya maadili kama wanavyoyajua majina ya sayari, kwa kuyakariri, kutoka mbali. Je, tufanye nini ili wayaishi?

Tulikoangalia

Msaada tuliupata nyumbani, hapa hapa Pwani. Wengi wenu mnazijua chekechea za madrasa, lakini pengine hamkuwahi kuhadithiwa mwanzo wake. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wetu wanaingia skuli za msingi wakiwa nyuma ya wenzao, nao hawakutaka kuwapatia elimu kwa kuwapokonya dini na desturi yao. Waliomba msaada kwa Aga Khan, na huko Mombasa, mikononi mwa mwalimu Bi Swafaa Said na wenziwe, ukazaliwa mpango wa chekechea za madrasa. Mwaka 1990 mpango ulivuka hadi Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Walimu walikuwa kina mama na kina dada wa mitaa ile ile, waliofunzwa hatua kwa hatua, na vifaa vilitengenezwa kwa vilivyopo: vifuu vya nazi, vizibo, vitambaa, mbegu.

Mmoja wetu alipata mafunzo yake katika njia hiyo. Alitukumbusha utaratibu ambao mpango ule uliuchukua kutoka Marekani, katika mfumo uitwao HighScope, ukauvisha kanzu ya kwetu. Mtoto hupanga, hufanya, kisha hukumbuka. Kabla ya kucheza husema anakusudia kufanya nini, hufanya, halafu huwaeleza wenziwe aliyoyafanya na yaliyomshinda. Ni jambo jepesi kulisema. Lakini tazameni linavyofanya kazi. Katika chekechea yetu mtoto wa miaka mitano alisema atajenga nyumba. Wakati wa kukumbuka akasimama akasema, "Nilisema nitajenga nyumba. Nimejenga ukuta mmoja, kwa sababu nilipigania kopo." Hakuna aliyemkemea. Alijihukumu mwenyewe kwa upole, na kesho yake aliomba kopo badala ya kulinyakua. Je, si hivyo tunavyotakiwa kujihesabu sisi wenyewe kila usiku kabla ya kulala?

Moyo wako uko mji gani?

Kwa Gredi ya 3 tulitaka kitu cha kuwafanya wasikilizane. Jaribio la kwanza liliharibika. Tuliwaketisha wote 48 katika duara moja chini ya mwarobaini, tukamwuliza kila mmoja anajisikiaje. Wa kwanza akajibu, "Niko sawa, mwalimu." Wa pili, wa tatu, wa ishirini, vivyo hivyo. Walipofika thelathini, waliobaki walikuwa wanafinyana.

Ndipo tulipotambua kwamba lugha yetu ina adabu yake. Mtu akikuuliza hujambo, huna budi kujibu sijambo, hata kama una homa. Shida yako utaieleza baadaye, ukipata nafasi. Ni adabu nzuri, wala hatutaki kuiondoa. Lakini aghalabu mtoto huishia kwenye "sijambo", kwa kuwa hakuna anayesubiri amalize.

Tukawagawa makundi sita ya wanane wanane. Kila kundi likapewa kijiwe kilaini kilichookotwa katika mchanga wa Mto Voi. Mwenye kijiwe ndiye asemaye, wengine husikiliza, na asiyetaka kusema hukipitisha bila ya kuulizwa sababu. Swali nalo tukaligeuza: "Moyo wako leo uko mji gani?"

Watoto wa hapa wanazijua hali za kwao. Voi ya mwezi wa pili ni jua na vumbi. Wundanyi ni ukungu na baridi ya mlimani. Taveta ni migomba na maji ya chemchemi. Na Mto Voi, kama mnavyoujua, ni mchanga mtupu kwa miezi mingi, kisha mvua ikinyesha milimani hujaa kwa saa chache. Basi mmoja akasema, "Mimi leo niko Wundanyi asubuhi. Sioni mbele." Mwengine akasema, "Mimi ni Voi, tena mchana." Msichana mmoja mtulivu, ambaye kwa miezi sita alikuwa "sawa, mwalimu", akasema, "Mimi ni mto, ule usiku wa mvua." Hakueleza zaidi, na kundi halikumshurutisha. Baadaye alitufuata mwenyewe akatueleza yaliyokuwa yakitokea nyumbani usiku.

Hapa tunawatahadharisha walimu wenzetu watakaotaka kujaribu. Ukimfungulia mtoto mlango, uwe tayari kwa kitakachotoka. Tuliweka sharti mbili, na watoto wanazijua zote mbili. Ya kwanza, linalosemwa jamvini halichukuliwi nje kuwa kichekesho. Ya pili, mwalimu akisikia kwamba mtoto anadhuriwa, hatanyamaza, atatafuta msaada. Tuliwaambia hivyo waziwazi tangu siku ya kwanza, ili asiwepo mtoto atakayesema kwamba tulimhadaa.

Tuliona pia kwamba watoto walikuwa na neno moja tu, "hasira", kwa mambo kumi. Aliyeonewa ana hasira. Aliyeachwa nje ya mchezo ana hasira. Aliyeona mwenziwe amenunuliwa viatu vipya ana hasira. Tukaanza kuwapa maneno yao ya urithi: wivu, kinyongo, upweke, soni, hofu, majuto, hamaki. Kiswahili ni tajiri katika mlango huu, na wale wanaozungumza Kidawida au Kisagalla nyumbani walitumwa wakawaulize bibi zao maneno ya kwao. Mtoto anayeweza kusema "nilikuona na viatu vipya nikaona wivu" hana haja ya kuvikanyaga viatu vile.

Wala hili si jambo geni katika dini yetu. Mnakijua kisa cha Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake, kindege kikafa. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alipomwona ana huzuni, hakumwambia kwamba ni ndege tu. Alimwita kwa kuniya yake, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari za kindege chake. Umma mzima ulikuwa ukimngojea, naye akapata wakati wa huzuni ya mtoto.

Baraza la ndovu

Zoezi la tatu tulilipata katika shida ya nchi yetu wenyewe. Kaunti hii imezungukwa na mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na ndovu wenye kiu na njaa wakaingia mashambani. Watoto wetu wanayajua hayo si kwa kuyasoma. Kuna asubuhi huchelewa skuli kwa sababu ndovu wako njiani.

Tukaweka baraza darasani. Mmoja ni mkulima, wa pili ndovu, wa tatu askari wa wanyamapori, wa nne mtoto wa skuli. Sharti lilikuwa moja: kabla hujamjibu mwenzako, rudia alilosema, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndilo. Mara ya kwanza mkulima alimrudia ndovu hivi: "Amesema anataka mahindi yangu." Ndovu akakataa kwa kichwa. "Sikusema hivyo. Nimesema nina kiu, na njia yangu ya zamani mmeijengea." Mkulima alirudia mara tatu ndipo ndovu akaridhika. Kisha wakabadilishana viti, na aliyekuwa ndovu akatakiwa kuililia shamba.

Darasa lilipotafuta suluhisho, mtoto mmoja mwenye jamaa Sagalla alieleza habari za mizinga ya nyuki. Huko wakulima wameining'iniza kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye ndovu huwaogopa nyuki akageuka. Mkulima hulinda shamba, ndovu hauawi, na asali hupatikana. Hatukuwa na haja ya kuongeza mawaidha juu ya hapo.

Msichana mmoja, ambaye shamba la babu yake lilikanyagwa lote, alikataa kuwa ndovu. Tulimwacha. Kumtaka mtoto amwonee huruma aliyemnyima chakula, kabla hujamsikiliza njaa yake, ni dhuluma ya aina nyengine. Alichagua kuwa askari, na aliifanya kazi yake kwa ukali mkubwa.

Lililotushinda

Msidhani kwamba kila tulichokigusa kilistawi. Tulitundika ukutani karatasi ya nyota, na kila atendaye wema akapata nyota yake. Wiki ya kwanza wema ulizidi. Wiki ya pili tukagundua kwamba unafanyika tu pale macho yetu yalipo. Wiki ya tatu tulimwona mtoto akimsukuma mwenziwe akaanguka, kisha akamwinua haraka haraka, akaja mbio kudai nyota. Tulicheka, kisha tukaona aibu, kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha biashara ile. Karatasi tuliiondoa. Niya ni kitu chepesi kuharibika, na sisi watu wazima tuna karatasi zetu za nyota pia.

Hili la kuwalea watoto katika kusikilizana na kuheshimiana si la Voi peke yake. Mwaka 2022 mradi uitwao ALiVE uliwapima vijana wa miaka 13 hadi 17 katika Kenya, Tanzania na Uganda, si katika hesabu na kusoma, bali katika kujitambua, kushirikiana, kutatua matatizo na kuheshimu. Kwamba watu wa nchi tatu walikaa wakajiuliza namna ya kupima heshima ni dalili kwamba wengi wametambua tulilolitambua sisi kwa uchungu: cheti chenye alama za juu hakimzuii mtu kumdhulumu mwenziwe.

Kijiwe

Na mvulana yule? Kwa wiki tano alikipitisha kijiwe bila ya kusema neno. Wiki ya sita kilipomfikia alikishika, akakigeuza geuza, akasema, "Taveta." Basi, akakipitisha. Sisi watatu tulipokutana mchana tulilihadithiana neno hilo moja kama watu waliopata barua kutoka mbali.

Karibu na mwisho wa muhula palizuka ugomvi wa mpira. Mtoto mmoja, akiwa amehamaki, akamwita kwa jina lile tulilompa sisi. Uwanja ukanyamaza. Tulikuwa tumeshainuka kwenda, mara tukamsikia yule msichana wa penseli za rangi akisema, "Leteni kijiwe." Walikaa chini pale pale kwenye vumbi, bila ya sisi. Hatukusikia yote waliyoyasema. Tuliona kijiwe kikizunguka mara mbili, na mara ya pili kilipomfikia yule aliyetukana alikaa nacho muda mrefu.

Mwezi wa Disemba kibarua cha baba yake kilikwisha, familia ikahama. Mama yake alipita skuli kuchukua karatasi za uhamisho. Tulitamani kumwuliza kama mwanawe ametusamehe, lakini tuliona hatuna haki ya kulitaka jibu hilo. Alitupa mkono sote watatu, akasema, "Huko aendako, muandikieni jina lake vizuri." Alikuwa akisema juu ya karatasi. Tuliliandika polepole, herufi moja moja.

Kwenu nyumbani

Wazazi wetu, kazi hii haiwezi kumalizwa na mwalimu mwenye watoto 48. Tunawaomba mambo manne, na yote hayana gharama.

Kwanza, mtoto arudipo skuli, msimwulize tu amekuwa wa ngapi. Mwulizeni ni nani leo alikaa peke yake, na kama yeye alimwendea. Akilisikia swali hilo kila siku, ataanza kutazama.

Pili, akisema ana hasira, msaidieni alitafute jina lake la kweli. Huenda ni wivu, huenda ni hofu, huenda ni njaa.

Tatu, mkimkosea, mwombeni radhi, tena mbele ya wale waliokuwapo. Hamtapungukiwa na heshima. Mtoto anayeombwa radhi hujifunza kuomba radhi, na kwa njia nyengine hatujui kama hujifunza.

Nne, na hili ndilo lililotuketisha kuandika, chungeni majina. Mvivu, mjinga, mkaidi, "huyu ni kama babake". Mdomoni mwenu ni neno la dakika moja, tena la uchovu baada ya siku ndefu jikoni. Lakini mtoto hulichukua akalivaa, akaenda nalo skuli, akalala nalo. Sisi tulilimimina begi la mtoto kwa dakika mbili, na mpaka leo, kila tukiinua chaki kuandika neno uadilifu, mkono hutuwia mzito.

Tunamwomba Allah amlinde mvulana yule popote alipo, atusamehe tuliyomkosea, na awajaalie watoto wetu na wenu wawe na ndimi safi na nyoyo zinazosikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.